Mahakama ya Leba na Watu wa Ng'ambo ya Likoni

Mwaka 1907, serikali ya Kiingereza ilipofuta utumwa katika ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukanda unaoanzia Vanga na kupita Gazi kuelekea kaskazini, ilitenga pesa za fidia. Pesa hizo alilipwa bwana. Mtumwa aliyepalilia minazi ya Gazi tangu utoto hakupata kitu, wala hapakuwa na baraza ambalo angeliuliza kwa nini. Mwaka mmoja kabla yake, 1906, ilikuwa imeshatungwa Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo kwayo mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake kwisha alikuwa mhalifu. Basi aliyewekwa huru na sheria moja aliweza kufungwa na nyingine: akitoroka shambani alisimamishwa mbele ya hakimu sawa na mwizi wa kuku.

Historia ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo wengi huiita tu mahakama ya leba, kwa kawaida huanzia 1964. Ni tarehe sahihi, na taasisi iliyotimiza miaka 60 ina haki ya kusherehekewa. Lakini ukiisimulia ukiwa Kwale huwezi kuanzia hapo. Wazee wa Msambweni waliokuwa hai mahakama hiyo ilipoundwa walikuwa wameishi zama ambazo kazi na mahakama zilikutana kwa njia moja tu, mfanyakazi akiwa kizimbani.

Kipande kilikuja baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi iliyoandikwa amefanya kazi kwa nani na ameachwa lini. Asiyekuwa na saini ya kuachwa kazi alijulikana mara moja kuwa ametoroka. Watu wa Kwale walikuwa na njia yao ya kuukwepa mtego huo, nayo ilikuwa bandari ya Mombasa. Mdigo wa Waa au Ng'ombeni aliweza kuvuka Likoni, akapakua meli siku kadhaa kwa malipo ya kutwa, kisha akarudi kwenye minazi na mihogo yake. Maofisa waliuita utaratibu huo uvivu. Kilichowakera hasa ni kwamba mtu mwenye shamba lake anaweza kuukataa ujira mdogo, na serikali nzima ya kikoloni ilihitaji watu wasioweza kukataa.

Asubuhi ya tarehe 13 Januari 1947 bandari hiyo ilisimama. Makuli, wafanyakazi wa reli, wapishi wa hoteli na watumishi wa majumbani, watu wapatao 15,000, waligoma pamoja, wakawa wanakutana kila siku kwenye Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alifika kuwashawishi warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yangesikilizwa. Yalisikilizwa kweli: liliundwa baraza la usuluhishi chini ya jaji Ransley Thacker, nalo likatoa nyongeza za mishahara. Kwa makuli lilikuwa jambo geni kumwona jaji akipima kama ujira wao unatosha kodi ya chumba na unga wa sima, badala ya kupima wafungwe miezi mingapi.

Msomaji anayekumbuka historia atalitambua jina hilo. Thacker huyohuyo, akiwa amestaafu, ndiye aliyeletwa Kapenguria mwishoni mwa 1952 kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake. Naye Chege Kibachia, kiongozi wa wagomaji wa Mombasa, hakumaliza hata mwaka: Agosti 1947 alikamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo. Serikali ilikuwa tayari kusikiliza kesi ya mshahara, si kumsikiliza aliyeidai. Katika historia ndefu ya mahakama za kazi tabia hiyo haikwisha na ukoloni.

Mgomo mwingine mkubwa wa bandari, wa Machi 1955, ulimleta Mombasa kijana wa miaka 24 aitwaye Tom Mboya. Aliwashawishi wagomaji warudi, akaingia mezani na waajiri, wakatoka na nyongeza. Jambo hilo lilimjengea jina, na nadhani ndilo lililompa imani aliyobaki nayo: kwamba mgogoro wa kazi unaweza kumalizwa mezani iwapo pande zote mbili zina vyama vyenye nguvu na mtu wa tatu wa kuamua. Tarehe 15 Oktoba 1962, akiwa Waziri wa Kazi, aliwakalisha pamoja Shirikisho la Waajiri, lililoanzishwa 1959, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wakatia saini Mkataba wa Mahusiano ya Kazi. Wafanyakazi walikubali kutogoma kabla ya njia za mazungumzo kwisha. Waajiri walikubali kuvitambua vyama. Kilichokosekana ni mwamuzi wa mwisho.

Mwamuzi huyo alipatikana mwaka 1964 chini ya Sheria ya Migogoro ya Kazi, akaitwa Mahakama ya Viwanda. Jina na sura vilitoka Uingereza, ambako mahakama ya jina hilo iliundwa 1919 kutuliza migomo ya baada ya vita. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Huko Lyon, Ufaransa, tangu 1806 mafundi wa hariri na matajiri wao walikuwa na baraza lao la kuamua ugomvi wa kazi, kwa kuwa waliona hakimu wa kawaida hajui nyuzi wala viwango vya malipo. Hoja ya mahakama maalumu ni hiyo hadi leo. Anayeamua ugomvi wa kazi awe anaijua kazi, asifungwe mno na taratibu za kesi za kawaida, na afike upesi.

Jaji wa kwanza wa mahakama hiyo alikuwa Saeed Cockar, naye aliiongoza kwa zaidi ya miaka 20. Alikaa na wajumbe waliotoka upande wa waajiri na upande wa wafanyakazi, na kiongozi wa chama aliruhusiwa kusimama na kutetea wanachama wake bila kuwa wakili. Mwaka 1981 Cockar alichapisha kitabu juu ya asili na utendaji wa mahakama yake, na kwa muda mrefu wanasheria wa kazi walikuwa na vitabu vichache vingine vya kushika. Kuna kazi moja ya mahakama hiyo ambayo haikupata vichwa vya habari: mikataba ya pamoja kati ya vyama na waajiri ilisajiliwa hapo ndipo ipate nguvu ya sheria. Posho ya nyumba, siku za likizo na malipo ya kazi ya sikukuu katika hoteli za Pwani vilipita mezani kwa jaji, hata pale ambapo hakuna aliyegombana na mtu.

Turudi Kwale sasa, maana huko ndiko mfumo huo ulikojaribiwa kwa namna ambayo Nairobi haikuiona vizuri.

Kazi ya ajira kusini mwa Likoni ilikuwa ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa miwa. Mashamba na kiwanda cha sukari cha Ramisi vilianza katika miaka ya 1920, vikawa miongoni mwa viwanda vya kwanza vya sukari nchini. Kwa kuwa Wadigo hawakuwa na haraka ya kukata miwa kwa ujira wa Ramisi, wakataji wengi walitoka mbali: bara, na hata Msumbiji. Wamakonde waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya Pwani, wakazaa, wakazika wazee wao hapa, na kwa zaidi ya nusu karne hawakuhesabiwa kuwa raia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na mwanzoni mwa 2017 wakavipata, wakitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Habari hii naiweka ndani ya historia ya mahakama kwa makusudi. Mtu asiye na kitambulisho hupata tabu kuajiriwa kwa maandishi, kuandikishwa kwenye hazina ya uzeeni, au kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi anayodai malipo yake. Mahakama inaweza kuwa wazi na mtu akashindwa kuingia.

Aina ya pili ilikuwa hoteli. Kuanzia miaka ya 1970 ufuo wa Diani ulijaa hoteli moja baada ya nyingine, na vijana wa Ukunda, Tiwi, Mwabungo na Gazi wakaingia jikoni, vyumbani, kwenye bustani na malangoni. Chama chao kilikuwa cha watumishi wa majumbani na hoteli, ambacho leo ni KUDHEIHA. Baadaye kikaja chama hasimu cha wafanyakazi wa hoteli, na vikagombea wanachama katika hoteli hizohizo. Sheria inasema chama kitatambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama, kwa hiyo kuhesabu fomu za makato kukawa vita, na vita hiyo nayo ikaishia mahakamani.

Chini ya mfumo wa 1964, mpishi wa Diani aliyefutwa hakuwa na ruhusa ya kwenda Mahakama ya Viwanda kwa miguu yake. Mgogoro ulikuwa wa chama. Alimweleza mwakilishi wa wafanyakazi hotelini, naye akapeleka kwa katibu wa tawi Mombasa. Makao makuu yakikubali yaliuripoti kwa Waziri wa Kazi, waziri akateua msuluhishi, na usuluhishi ukishindikana ndipo faili lifike kwa jaji. Jaji mwenyewe alikaa Nairobi, Pwani akija kwa vikao vya mzunguko. Kila ngazi ilikuwa mahali ambapo faili lingeweza kulala. Asiye mwanachama, au aliyekosana na katibu wa tawi, alibakiwa na mahakama za kawaida, ambazo ziliushika msimamo wa kale wa sheria ya Kiingereza: mwajiri anaweza kumwachisha mtu kwa sababu yoyote au bila sababu, na akikosea kutoa notisi, fidia ni mshahara wa muda wa notisi tu. Mtu aliyehudumia hoteli miaka 15 angeshinda kesi na kuondoka na mshahara wa mwezi mmoja, nusu yake ikimsubiri wakili.

Hata wenye chama hawakuwa huru sana. Kuanzia 1973 Wizara ya Fedha ilitoa mwongozo wa mishahara, na mahakama ikatakiwa kuamua nyongeza ndani ya mwongozo huo. Jaji akawa anasikiliza hoja za pande mbili huku kipimo kikiwa kimeshakatwa na upande wa tatu. Mwongozo ulilegezwa 1994, katika mageuzi ya uchumi yaliyorahisisha pia kupunguza wafanyakazi. Ramisi haikusubiri mageuzi hayo. Kiwanda kilifungwa 1988. Mji uliokuwa na king'ora, zahanati na timu ya mpira uligeuka kuwa vibanda kando ya barabara ya Lunga Lunga, na miwa haikusagwa tena hapo kwa zaidi ya robo karne, hadi kampuni mpya ya sukari ya Kwale ilipojenga kiwanda kingine.

Kisha likaja pigo la 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea hadi upande wa Kwale. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga vyumba na nyingine zikafunga kabisa, na maelfu ya watu wakarudishwa nyumbani. Wengi waliambiwa wasubiri hali itulie. Hawakufutwa wala hawakuwa kazini, na hakuna aliyewapa karatasi. Ukitaka kujua Mahakama ya Viwanda ya enzi hiyo ilipungukiwa nini, hapo ndipo pa kutazama. Ilitengenezwa kwa ajili ya mgogoro wa chama kikubwa na kampuni kubwa juu ya nyongeza ya mwaka kesho. Haikutengenezwa kwa ajili ya mhudumu mmoja wa Ukunda aliyeambiwa na maneja asirudi mpaka aitwe.

Juu ya hayo yote mahakama yenyewe haikuwa na hakika ya cheo chake. Uamuzi wake uliitwa wa mwisho, lakini ilikuwa imezaliwa na sheria ya kawaida ya bunge, nayo Katiba ya zamani iliipa Mahakama Kuu mamlaka yasiyo na mpaka. Mwajiri aliyeshindwa kwa jaji wa viwanda aliweza kukimbilia Mahakama Kuu kuomba uamuzi usimamishwe, na mara nyingi alifanya hivyo.

Mwaka 2007 bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa mpigo, na Sheria ya Ajira ikaanza kutumika Juni 2008. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya 1964, ingawa hakuna anayeisherehekea. Kwa mara ya kwanza mwajiri alitakiwa kuwa na sababu ya haki ya kumwachisha mtu, na ni yeye anayepaswa kuithibitisha. Kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, lazima amweleze kosa hilo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na amsikilize. Barua ya Kiingereza iliyosukumwa mkononi mwa mtunza bustani getini saa kumi na mbili jioni haitoshi. Akishindwa kesi, mwajiri anaweza kutozwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Akipunguza wafanyakazi, hutakiwa kutoa notisi ya mwezi mzima kwa wahusika na kwa afisa wa leba, na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi.

Kifungu cha 37 nacho ni kana kwamba kiliandikwa na mbunge aliyekuwa akiifikiria Kwale. Kwa sheria hiyo kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo hadi kufikia mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, mahakama itamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye notisi na haki nyingine. Wakataji miwa, waosha vyombo wa msimu wa Desemba na walinzi wa majumba ya ufuoni, ambao walikuwa "vibarua" kwa miaka mingi, walipata mguu wa kusimamia. Waajiri nao hawakulala. Badala ya kibarua wa kutwa ikaja mikataba ya miezi mitatu au sita, yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, ikitiwa saini upya kila msimu wa wageni unapofika. Majaji kwa ujumla wamesema mkataba wa muda maalumu hufa siku yake, na aliyeutia saini hana haki ya kutarajia mwingine. Kwa hiyo mhudumu wa Diani ambaye zamani alirudishwa nyumbani bila karatasi, leo anarudishwa akiwa nayo mkononi. Ni hatua, lakini nisingeiita ushindi.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyomaliza ugomvi wa cheo. Ibara ya 41 iliweka haki za kazi, na ibara ya 162 ikaagiza ziwepo mahakama mbili zenye hadhi ya Mahakama Kuu, moja ya kazi na moja ya mazingira na ardhi. Sheria ya mahakama ya kazi ilitoka 2011, majaji wapya wakaapishwa 2012, na mwaka 2014 jina la viwanda likaachwa. Mfanyakazi mmoja mmoja aliruhusiwa kufungua kesi kwa jina lake, akiwa na wakili, au kiongozi wa chama, au peke yake. Jaji aliagizwa asishikilie mno taratibu zinazozuia haki. Na Mombasa ikapata majaji wa kukaa, si wa kupita.

Mpaka wa mamlaka ya mahakama hizo ulikuja kuchorwa na kesi ya jinai, tena ya Pwani. Watu waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu Malindi walikata rufaa, na mmoja wa majaji wawili walioisikiliza alikuwa wa mahakama ya mazingira na ardhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji huyo hakuwa na mamlaka hayo: hadhi yake ni sawa na ya jaji wa Mahakama Kuu, kazi yake siyo ileile. Hivyo ndivyo kesi ya ujambazi ilivyoifaa mahakama ya leba kuliko hotuba nyingi.

Miaka hiyo ya mwanzo ilileta kesi ambazo mfumo wa kale usingezigusa. Mwaka 2012 mahakama ilipima madai ya mtumishi wa nyumbani kwa Sheria ya Ajira, ikatazama pia mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya wafanyakazi wa majumbani, ingawa Kenya haikuwa imeuridhia. Kesi haikuwa ya Kwale. Lakini nyuma ya ukuta wa mitende wa Diani na Galu kuna majumba mengi ya wageni, na kila moja lina mpishi, dobi na mlinzi aliyeajiriwa kwa maneno matupu.

Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasikae Mombasa wala pwani iliyo karibu, kutoka mkono wa Mtwapa hadi Tiwi. Tiwi ilitajwa, Diani, kilomita chache kusini yake, haikutajwa. Haikusaidia. Kampuni za watalii ziliwaondoa wateja wao kwa ndege za haraka, na upungufu wa wafanyakazi ukaanza upya. Tofauti na 1997 ilikuwa kwamba sasa mtu aliweza kumuuliza mwajiri mbele ya jaji: notisi ya mwezi iko wapi, ulitumia kipimo gani kunichagua mimi, na siku zangu 15 kwa mwaka ziko wapi? Aprili 2020, corona ilipoingia na Kwale kufungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, swali likawa likizo bila malipo. Sheria ya Ajira haiitaji popote. Kilichoangaliwa ni kama mfanyakazi alikubali, na kukubali kwa mtu anayeogopa kupigwa kalamu ni jambo la kujadiliwa.

Mnamo 2018 Jaji Mkuu David Maraga alitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mahakimu kuanzia ngazi ya Hakimu Mkazi Mwandamizi watasikiliza kesi za ajira ambapo mshahara wa mwezi, pamoja na marupurupu, hauzidi shilingi 80,000. Tangazo hilo halikushangiliwa Kwale, ingawa liliwahusu karibu wote. Wapishi, walinzi, wakataji miwa, walimu wa chekechea wa shule za binafsi na madereva wengi wako chini ya kiwango hicho. Kesi yao ikahamia kwa hakimu wa Kwale au Msambweni, na jaji wa leba wa Mombasa akabaki wa kusikiliza rufaa.

Ubaya wake unaonekana. Mahakama maalumu ilianzishwa kwa hoja kwamba hakimu wa kila kitu haijui kazi, na sasa hakimu anayesikiliza asubuhi kesi ya bangi na mchana ya mirathi ndiye anayepima kama maneja alimsikiliza mfanyakazi kabla ya kumfuta, kama Sheria ya Ajira inavyotaka. Hukumu za mahakimu hawa zimekuwa ngumu kutabirika kuliko za majaji, na hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa mafunzo. Lakini mimi nachagua hakimu wa karibu. Mtu wa Vanga au Kinango aliyepoteza kazi ya shilingi 15,000 hawezi kuvuka Likoni mara kumi kufuata kesi inayoahirishwa. Tangu 2024 nyaraka za kesi hupelekwa mahakamani kwa mtandao nchi nzima, na vikao vingi hufanyika kwa video. Hiyo imempunguzia nauli, ikamwongezea gharama ya saiba na utegemezi kwa kijana anayejua kubonyeza.

Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Horohoro, utakuta njia nyingine kabisa. Tanzania ilianza na Baraza la Kudumu la Kazi mwaka 1967. Leo mgogoro wa kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani, kabla ya kufika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Tume ni rahisi na iko karibu, na ningependa Kenya iige hapo. Lakini mfanyakazi wa Tanga aliyeachishwa ana siku 30 tu kuwasilisha lalamiko lake. Wa Kwale ana miaka mitatu. Jamaa wa ukoo mmoja, wenye mashamba pande zote za mpaka, wanaishi kwa kalenda mbili.

Mtihani wa karibuni zaidi ulikuwa wa madini. Kampuni ya Base Titanium ya Kwale, iliyosafirisha mchanga wake wa kwanza kutoka Likoni Februari 2014, ilimaliza kuchimba Desemba 2024 kwa sababu mchanga wenye madini ulikwisha. Hapo hapakuwa na ghasia wala maradhi. Mwisho ulijulikana miaka mingi mbele, na kupunguza watu kwa utaratibu kuliwezekana. Kwale haijawahi kuona ajira kubwa ikifungwa kwa taarifa ya mapema namna hiyo.

Wapo wengi ambao historia hii yote haiwagusi. Mgema, mvuvi wa Shimoni, bichi boi wa Diani na mama wa mahamri wa Ukunda hawana mwajiri wa kumshtaki. Mahakama ya leba ni ya wenye bosi, na katika kaunti hii wenye bosi hawajawahi kuwa wengi.

Kwa msomaji aliye na bosi, haya ni ya kushika. Tunza barua ya ajira, hati za mshahara, na kama unalipwa kwa simu, ujumbe wa kila malipo, hata kama ni wa shilingi 500. Ukiumia kazini, usikimbilie mahakamani kwanza: Mahakama ya Juu ilithibitisha 2019 kwamba madai ya ajali kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na muda wake ni miezi 12. Ukiwa mwanachama wa chama, kiongozi wa chama anaweza kukusimamia bila wakili. Ukifutwa, anza kuhesabu siku hiyohiyo. Ikipita miaka mitatu, si hakimu wa Msambweni wala jaji wa Mombasa mwenye ruhusa ya kukuongezea hata siku moja.